Etajere Iliyokataa Kufunga

Mchwa walikula vitenge vya harusi ya watu. Hapo ndipo yote yalipoanzia.

Mimi ni mshonaji. Nilikuwa nashonea nyumbani, Dilala, mtaa mmoja wa Kolwezi, katika chumba cha mbele cha nyumba ya matofali ambayo baba mkwe wangu aliipata enzi zile alipokuwa dereva wa kampuni ya madini. Yeye alikuja kutoka Maniema akiwa kijana, akaendesha magari ya kampuni hadi mgongo ukachoka. Mwanawe, mume wangu, naye ni mtu wa barabara. Ana lori moja kuukuu linalopeleka unga na sabuni hadi Dilolo, mpakani na Angola, na kurudi na samaki wakavu. Anaweza kukaa njiani mwezi mzima, na mambo ya nyumba yakawa yangu.

Familia moja ilikuwa imeniletea vitenge vinane vya aina moja, vya mashangazi wa bibi harusi. Nikaviweka chini kabisa kwenye kabati langu la mbao. Kisha malaria ikaniangusha siku tano. Nilipoinuka na kuvuta kitenge cha juu, kilikuja na udongo. Mchwa walikuwa wametoka sakafuni, wakala ubao wa nyuma, wakaingia kwenye nguo. Tundu moja lilipita vitenge vyote vinane, kimoja baada ya kingine.

Mama wa bibi harusi alikuja nilipomwita. Alikifungua kitenge kimoja, akakiinua mbele ya dirisha, akaona mwanga ukipita.

"Mama," aliniambia, "hii muchoro balisha kuimaliza ku soko. Tutapata wapi ingine?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alivikunja vyote vinane polepole, akaviweka kichwani, akaenda.

Siku ile ile nikaapa kwamba hakuna tena nguo ya mtu itakayolala juu ya mbao nyumbani mwangu. Nilitaka etajere, yaani kabati la rafu, tena ya chuma, kwa sababu mchwa hali chuma, na ya vioo, kwa sababu ya vumbi. Asiyekaa Kolwezi hajui vumbi letu. Kiangazi malori ya madini yanapita mchana kutwa, na kitambaa cheupe ukikiacha wazi siku mbili kinakuwa na rangi ya chai. Nikachukua karatasi ile ngumu ninayochorea magauni, nikaichora: urefu wake mpaka mkono wangu ukiinuka, upana wake wa kujaza ukuta wote kati ya mlango na dirisha, rafu nne za kioo ndani, na milango miwili ya kioo mbele.

Mume wangu alipopiga simu kutoka Dilolo nilimweleza.

"Nunua ya tayari," alisema.

"Za tayari ni bati tupu. Ukiweka bitenge kumi inainama."

"Basi ungoje nirudi, tutaifanya pamoja."

"Nimekungoja kwa mambo mangapi, baba?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Vyuma nilivipata kwa muuza vyuma chakavu, vile virefu vilivyokunjwa pembe. Aliniapia kwamba vyote vimenyooka. Nilipovilaza kwenye sakafu yangu ya saruji nikaona viwili vimepinda kama upinde wa kuwindia. Nikavibeba begani kuvirudisha. Akafumba jicho moja, akavitazama kwa urefu, akasema vitanyooka vyenyewe vikibebeshwa mzigo. Tukabishana mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika, na mwisho akanibadilishia kimoja. Kile cha pili nilirudi nacho, nikakigonga kwa nyundo siku mbili juu ya jiwe la uani, na hakikunyooka sawasawa hata leo.

Vioo vilitoka kwa mpiga picha aliyekuwa anafunga studio yake ili ahamie Lubumbashi. Vilikuwa vioo vya dirisha lake la mbele, vinene, vizuri. Alinikatia sita kwa vipimo vyangu. Tatizo likawa kuvifikisha nyumbani. Pikipiki za abiria ziko kila kona ya Dilala, lakini dereva wa kwanza niliyemsimamisha alisema nitavishika magotini, wa pili akasema atavifunga kwa mpira nyuma. Nikamwita mdogo wangu wa kike. Tulivibeba kwa miguu, viwili viwili, tumevizungushia blanketi, yeye mbele na mimi nyuma, safari tatu. Pikipiki zilitupigia honi, mtu mmoja akatuuliza kama tumebeba maiti. Mabega yalituwaka moto.

Safari ya tatu tulifika salama. Mdogo wangu akakisimamisha kioo kimoja ukutani, akageuka kushika cha pili. Kile cha kwanza kikateleza kwenye saruji niliyokuwa nimeipiga nta asubuhi ile mwenyewe. Kikalala chini kikiwa vipande.

Tulisimama tukivitazama.

"Yaya, pole," alisema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

Nilitaka kumkemea. Lakini alikuwa amebeba nami safari zote tatu, na nta ilikuwa yangu. Nikachukua ufagio. Rafu nne za kioo zikawa tatu.

Fundi wa kuchomelea nilimtoa karibu na kituo cha pikipiki. Mtu mzima, mpole, mwenye alama nyeupe za moto mikononi. Alileta mashine yake kwenye toroli. Mvua zilikuwa zimeanza, uani palikuwa matope, kwa hiyo tukahamisha nguo zote chumba cha ndani na kuamua aungie hapo hapo chumbani. Siku ya kwanza aliunga pembe mbili, umeme ukakatika. Nikampikia chai, tukangoja. Ukarudi akiwa ameshaenda zake. Siku ya pili haukuja kabisa. Siku ya tatu ulikuja dhaifu, taa ikawa nyekundu kama kaa, na kila alipogusa chuma fimbo yake ya kuchomelea iling'ang'ania pale pale. Siku ya nne umeme ukawa mzuri, naye akafanya haraka kabla haujaondoka tena. Mimi nilikuwa sokoni kununua uzi.

Niliporudi fremu ilikuwa imesimama. Nikatoa utepe wangu wa kupimia nguo, nikapima kutoka pembe ya juu ya kushoto hadi ya chini ya kulia, kisha pembe zile nyingine. Vipimo viwili havikulingana. Tofauti ilikuwa vidole viwili.

"Tata, hii imepinda," nilimwambia. Kwetu mtu mzima huitwa tata, yaani baba.

"Kidogo tu, mama. Hii njo chuma, haiko kitambala."

"Ikuwe kitambala ao chuma, meta iko moja. Kioo haitaingia."

Akachukua utepe kwangu, akapima mwenyewe. Akapima mara ya pili. Kisha akakaa juu ya ndoo, akajifuta uso, akaniambia kwamba itabidi akate pembe tatu na kuziunga upya. Nikamwambia akate. Umeme ukakatika akiwa kwenye pembe ya pili, na nikakaa siku nyingine nne na kitu cha miguu minne chumbani kwangu kisicho kabati wala meza, huku wateja wakipita kwa ubavu kuja kupimwa.

Hatimaye ikaisha. Sehemu za kuungia zilikuwa na mabonge makali, nikayasugua mwenyewe kwa tupa hadi viganja vikatoka malengelenge. Nikaipaka rangi ya kijivu mara mbili. Tukapachika vioo, fundi akafunga bawaba, nikaisukuma milango. Ilikutana katikati kwa sauti ndogo tu. Nikaifungua, nikaifunga tena. Nilipanga vitenge kwa rangi, vya bluu juu, vyekundu katikati, vyeupe chini, na kwa siku nne kila mteja aliyeingia niliona macho yake yakienda ukutani kabla ya kuja kwangu. Siku nne hizo nilikuwa na raha.

Siku ya tano mlango wa kulia uligusa ule wa kushoto.

Nilidhani ni bawaba. Nikazikaza. Baada ya siku tatu ukagusa tena, zaidi. Nikakunja karatasi ngumu, nikaiweka chini ya mguu mmoja, ikafunga. Wiki iliyofuata karatasi haikutosha, nikaweka kifuniko cha kopo la maziwa. Kisha vifuniko viwili. Kila Jumatatu nilipiga magoti mbele ya etajere ile kabla ya kugusa cherehani. Nilimtumia fundi ujumbe mkali, nikamwambia aje aone kazi yake.

Alikuja. Hakubishana. Alipima pembe kwa pembe, mara mbili, akanionyesha utepe: vipimo vililingana sawasawa. Kisha akachukua chupa ya maji iliyojaa nusu, akailaza sakafuni karibu na mlango, akaitazama. Akaisogeza kwenye pembe, chini ya dirisha. Maji yalikimbilia upande mmoja.

"Mama, etajere haina makosa," alisema. "Nyumba njo inashuka."

Hapo nilipoteza adabu. Nilikuwa na magauni sita ya kumaliza, magoti yananiuma, na mtu aliyeniharibia wiki mbili ananiambia habari za nyumba.

"Hii nyumba balijenga mbele ya sisi wawili kuzaliwa," nilimwambia. "Haiyashuka. Ilingoja weye ukuje na chuma yako njo ishuke?"

Alinitazama. Akaiinua ile chupa, akaiweka mezani taratibu, akakunja waya zake na kuondoka bila kuaga. Sikumwita.

Siku chache baadaye, saa sita mchana, nikiwa nashona kola, nilisikia mlio mmoja mkavu nyuma yangu. Rafu ya kioo ya katikati ilikuwa imepasuka kutoka upande hadi upande. Vitenge vyekundu vikashuka juu ya vyeupe, na vipande vya kioo ndani yake. Nilivitoa kimoja kimoja nikivikung'uta uani, na nililia, si kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kama mtu anayedhihakiwa na kitu kisicho na mdomo.

Mume wangu alirudi kutoka Dilolo Alhamisi ya wiki ile. Nilimvuta mkono hata kabla hajanawa, nikamwonyesha. Yeye ni mtu wa magari: kitu kikilia mbele, anatazama nyuma. Aliiangalia etajere kidogo tu, akaangalia vifuniko vya kopo chini ya mguu, akatoka nje. Nilimsikia akizunguka nyumba. Kisha akaniita.

"Mama, kuya uone."

Chini ya dirisha langu, upande wa jirani, kulikuwa na ufa. Ulianzia pembe ya dirisha ukashuka kama ngazi, tofali kwa tofali, hadi ardhini. Niliingiza kidole changu chote.

"Hii ilianza wakati gani?" aliuliza.

Sikujua. Upande ule sipiti. Ni njia nyembamba kati ya ukuta wetu na ua wa jirani, inaota majani tu. Mume wangu alikuwa ameshaacha kuutazama ufa. Alikuwa anatazama juu ya ua.

Jirani yetu ni mzee mstaafu, aliyefanya kazi na baba mkwe wangu. Kiangazi kile alikuwa amejenga chumba kidogo nyuma ya nyumba yake, kisicho na dirisha, kikigusa ua wetu. Alituambia ni cha kuku. Sikuwahi kusikia jogoo. Niliona vijana wakiingia na kutoka, wageni kutoka pande zote za nchi, na nilijiambia ni wapangaji. Mzee alinieleza kwamba wanauza makaa yanayotoka Mutshatsha. Na mimi niliamini, kwa sababu waliniletea magunia yaliyochanika niwashonee. Nilikuwa nimeyashona kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili, zaidi ya ishirini. Yalikuwa na udongo wa kijani kijani kwenye mikunjo, rangi ya mawe ya shaba, na mimi, niliyezaliwa Kolwezi, niliukung'uta nikaendelea na kazi.

Mume wangu hakuwa na haja ya kunieleza. Hapa kwetu, wakitafuta madini, watu wamechimba barabara, wamechimba viwanja vya mpira, wamechimba vyumba vya kulala. Lakini ukisikia habari hizo, unadhani ni mtaa mwingine daima.

Tulienda kwa mzee pamoja, asubuhi ya Jumamosi. Alitupa viti. Mume wangu alianza kwa heshima, akamuuliza habari za mkewe, habari za mgongo. Mimi sikuweza kungoja.

"Tata," nikasema, "kule mu chumba ya kuku, kuko nini?"

Alitazama mikono yake.

"Balisema batapeleka shimo upande wa barabara," alijibu. "Mi niliwaonyesha kwa mukono: huku, haina kule."

"Balienda kule."

"Chini ya udongo mutu anafwata madini, mama. Hawezi kufwata mukono wangu."

Nilimwomba anifuate. Alivaa ndala zake, akaja, akazivua mlangoni kwangu kama kawaida yake, akasimama mbele ya etajere. Rafu ya katikati haikuwepo. Alinyoosha mkono akasukuma milango miwili, ikagongana. Akajaribu tena kwa upole zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa la mkono wake. Kisha akairudisha ilivyokuwa.

"Hata kwangu ukuta umepasuka," alisema. "Mama ya batoto alisha kuenda kulala ku binti yake. Anaogopa."

"Na weye?" mume wangu aliuliza.

"Mi, nilifanya kazi mu ile mine miaka yote, baba yako anajua. Walitutuma nyumbani mikono mitupu. Sasa madini iko chini ya kitanda yangu. Ungefanya nini?"

Mume wangu aliinama akasawazisha vifuniko vya kopo chini ya mguu wa etajere, na mimi nilichukia. Nilitaka aseme lolote. Mzee akavaa ndala zake akaenda.

Mkubwa wa mtaa alikuja, akaangalia ufa, akaandika katika daftari, akaingia kule nyuma kwa mzee na kukaa muda mrefu, akatoka. Siku tano kulikuwa kimya. Siku ya sita nilikuwa kwenye cherehani, miguu kwenye pedali, nikasikia kitu nyayoni. Niliacha kukanyaga. Cherehani ilikuwa imesimama, lakini pedali ilikuwa inatetemeka, tap, tap, kisha kimya, kisha tap. Wale vijana hawakuwa upande wa barabara wala upande wa mzee. Walikuwa chini yangu.

Nilitoka nje na viatu mkononi.

Tulipata vyumba viwili vya kupanga upande mwingine wa mji. Vitanda vilitoka, masufuria yalitoka, cherehani ilitoka. Etajere haikutoka. Tuliijengea ndani, na ilikuwa pana kuliko mlango na ndefu kuliko dirisha. Mume wangu na dereva mwenzake waliigeuza, wakailaza, wakaisimamisha kichwa chini, wakakwaruza rangi yangu pande zote. Nilikaa juu ya rundo la vitenge nikiwatazama na kusema waiache humo, izame na nyumba.

Mume wangu ndiye aliyempigia fundi simu. Mimi nisingethubutu. Alikuja na mashine ya kukatia, akaniamkia, "Jambo, mama," akaanza kupima mahali pa kukata. Umeme ulikuwepo siku hiyo, bila shida yoyote. Nilimkaribia.

"Tata, unisamehe," nilimwambia. "Ulinisemea kweli, mi nikakutukana."

"Nilijua, mama. Mutu akikasirika anasema." Akavaa miwani yake. "Utoke kidogo, moto itaruka."

Aliikata katikati, vipande viwili vikapita mlangoni. Kule tulikohamia aliviunga tena, na alipima pembe kwa pembe kabla sijafungua mdomo. Kwenye kila mguu kuna bonge la mshono usawa wa kiuno, ambalo rangi haikulificha. Vioo vilivyobaki ni rafu mbili na mlango mmoja; mwingine ulivunjika kwenye lori. Upande ulio wazi nimetundika pazia. Vumbi linaingia. Wateja wangu nusu hawajui nilipo, na chumba ni kidogo hivi kwamba anayepimwa lazima mlango ufungwe ili apate kuinua mikono.

Mwezi uliopita mzee alikuja. Sijui nani alimwelekeza. Alikuwa na koti lake la kanisani mkononi, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia akae. Aliniambia kile chumba cha nyuma kimeanguka na kuchukua kipande cha ukuta wetu. Vijana walikuwa nje wanakula, hakuna aliyekufa. Wamehama. Yeye anaishi kwa binti yake, pamoja na mkewe.

"Nyumba yenu ilibakia nusu," alisema. "Mulango ya mbele iko."

Nilimpa maji. Aliomba nimpunguzie koti, kwa sababu linamvuka mabega. Nikampima. Amekonda sana, mifupa inaonekana chini ya shati. Hasira yangu ilikuwa pale pale, haikupungua hata kidogo, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikaandika vipimo, nikamwambia aje Ijumaa.